Mu bido kuna nini? Mtu wa boti ana haki ya kujua



Leo sitasema juu ya bei ya mawe, wala juu ya mizani ya wanunuzi. Hayo tumeyasema sana na tutayarudilia. Leo nataka kusema juu ya kitu tunachonunua kila siku bila kukiangalia ndani: esanse. Na zaidi, esanse iliyochanganywa na alkoli, na vile inavyofanya ikiingia mu motere ya boti.

Mtu ataniuliza: sisi watu wa mashimo, boti inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Wengi kati yetu tunaochimba pande za Kolwezi, Fungurume na Luisha tumetoka ku maji. Kwetu ni Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu, Kasenga, Kilwa, Pweto, Moba. Kama kuna kilio, kama batoto wako mu vakanse, kama mama anaumwa, tunarudi, na kwa wengi safari inamalizikia ndani ya boti. Samaki wanaopikwa mu makambi yetu, nao wanapita mule mule. Tena ile motere ya nyuma ya boti ni ndugu ya motopompi inayotoa maji mu shimo. Zote mbili zinakunywa esanse ya bido moja, iliyotoka kwa muuzaji mmoja.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilishuka na jamaa yangu kutoka Bukama kwenda Kinkondja. Tulikuwa watu kenda mu boti, pamoja na batoto wawili wadogo, magunia ya unga na mizigo. Mtoto wa dada yangu alikuwa na homa toka usiku wa kwanza. Kijana wa boti alinunua esanse saa kenda za mchana kwa muuzaji wa pembeni ya njia, mmoja wa wale tunaowaita kadafi. Ilikuwa na rangi nzuri, na harufu ilikuwa ya esanse. Tulitembea vizuri mpaka jioni, tukalala ku kambi ya wavuvi. Ule usiku baridi ya kipwa ilikuwa kali, umande ukalowesha kila kitu.

Asubuhi, mbele jua halijatoka, kijana alivuta kamba ya motere mara nyingi. Mwishoni ilikubali. Tukaingia mu ziwa Kisale. Tulienda kama robo ya saa, halafu motere ikakohoa, ikapandisha sauti, ikashuka, ikanyamaza. Kijana akageuka akaniambia:

— Yaya, motere inakatala.

Alifungua buji, akapanguza, akarudisha. Alivuta kamba mpaka vidole vikatoa damu. Upepo ulitusukuma mu mafunjo. Kafi ilikuwa moja. Viboko tulivisikia karibu, hatukuviona, na hiyo njo mbaya zaidi. Mtoto alikuwa anawaka moto mu mikono ya mama yake. Tulikaa mule mpaka mchana, wavuvi wawili wakatukuta, wakatuvuta polepole mpaka ku inchi kavu.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini nataka mjue nilifanya nini mule mu mafunjo. Nilimtukana yule kijana. Nilimwita mlevi, nikamwita mwizi, nikasema amekunywa makuta ya esanse. Wengine nao walisema vile vile. Na mwenye boti, aliposikia, akamkata mushahara wa miezi miwili.

Ku port, fundi mmoja mzee alifungua karibirateri. Akamwanga kilichokuwa mu kikombe chake cha chini ndani ya chupa nyeupe. Ilikuwa maji, lakini haikuwa maji yenyewe. Akainusa, akacheka kidogo.

— Hii inanuka lutuku. Munakunyweshaka motere pombe?

Halafu akachukua bido yenyewe, akaiweka ku mwangaza wa jua bila kuitikisa. Tuliona wote: juu esanse, chini kitu kingine, na mstari katikati kama mtu amepima na rula. Yule kijana hakukosa kitu. Alinunua kile alichoonyeshwa.

Sasa tueleze vizuri, juu mambo haya hayana uchawi.

Alkoli wanayochanganya mu esanse inaitwa etanoli. Ni ile ile alkoli iliyo mu lutuku, lakini imesafishwa mpaka imebaki karibu bila maji. Inatoka mu miwa, mu mahindi, mu mihogo. Inaungua vizuri. Ina nguvu kidogo kuliko esanse: litri moja ya etanoli inatoa kama theluthi mbili ya nguvu ya litri moja ya esanse. Kwa hiyo ukichanganya 10 kwa 100, unapoteza kama 3 kwa 100 ya nguvu, na hata mwenye boti hatasikia tofauti. Shida haiko pale.

Shida iko ku maji. Esanse yenyewe haipendani na maji. Ukimwanga maji mu bido ya esanse, yanashuka chini, yanakaa pale. Njo maana baba zetu walitufundisha: bido ilale usiku mzima, asubuhi umwange polepole, na kile cha chini kabisa ukiache. Ilikuwa akili nzuri. Ilitusaidia miaka mingi.

Alkoli inapenda maji. Kila mtu aliyeongeza maji mu lutuku anajua: havitengani tena. Ukiweka alkoli mu esanse, ile alkoli inavuta maji ya umande, ya mvua, ya hewa ya ziwa, inayaficha ndani yake. Huyaoni chini, juu yameyeyuka. Esanse yenye alkoli 10 kwa 100 inaweza kubeba maji kama kijiko kimoja cha chai kwa kila litri. Mu bido ya litri 20 ni kama nusu ya gilasi. Unaangalia, unaona esanse safi.

Lakini kuna mwisho. Ikishiba maji, alkoli inaachana na esanse kwa mara moja. Inashuka chini pamoja na maji yake yote, na ile nusu gilasi inageuka kitu kinachoweza kupita litri moja. Na baridi inaleta ule mwisho karibu: esanse ya moto inabeba maji mengi kuliko esanse ya baridi. Njo maana tulitembea vizuri mchana, tukafa asubuhi. Bido haikuguswa na mtu usiku. Baridi njo iliigawanya.

Na mu boti, bomba linalovuta esanse linavuta kutoka chini. Kwa hiyo kitu cha kwanza motere inachopata ni ile alkoli na maji. Motere ya mipigo miwili, ile tunayochanganyia mafuta ya motere ndani ya esanse, inaumia mara mbili. Mafuta yanabaki juu na esanse, hayashuki na maji. Motere inazunguka bila mafuta. Ukiilazimisha iendelee, pistoni inakauka, inakwaruza silinda, inashikana. Pale si tena mambo ya kusafisha karibirateri. Ni kununua motere.

Wengine wanasema: mbona pikipiki yangu inatembea na esanse ile ile, haina shida? Ni kweli, na jibu ni rahisi. Pikipiki inamaliza esanse yake mu siku mbili, boti inaweza kulala wiki tatu ku port na esanse ndani. Tanki la pikipiki limefungwa, bido ya boti iko wazi, iko juu ya maji, mawimbi yanairushia. Pikipiki inapumzika ku mteremko na ku kona, motere ya boti inasukuma mzigo kwa nguvu zote toka mwanzo mpaka mwisho. Na kubwa kuliko yote: pikipiki ikizimika, unaisukuma pembeni ya njia, unakaa chini ya muti. Ziwa halina pembeni ya njia.

Kuna ubaya mwingine wa polepole. Alkoli inalainisha mipira ya zamani, inaivimbisha, inaipasua. Inaosha uchafu uliokaa mu tanki miaka, na ule uchafu wote unakimbilia mu filtri. Watu wanasema motere imerogwa. Haikurogwa, imeoshwa tumbo bila kupewa dawa.

Sasa, esanse ya namna hii inatoka wapi? Siyo kitu kipya, na siyo kitu cha wizi tu. Brezili ilianza programu yake kubwa ya alkoli ya miwa mwaka 1975. Karibu na sisi, Zimbabwe ilianza kuchanganya mwaka 1980 ku Triangle, na toka 2013 sheria yao inalazimisha wauzaji kuchanganya. Malawi inachanganya toka 1982, na alkoli yao ya kwanza ilitoka ku miwa ya Dwangwa, pale pale pembeni ya ziwa Malawi. Sisi wa kusini ya Kongo, esanse yetu inakuja na malori kutoka upande ule wa kusini na wa mashariki. Inapita mipaka, inapita depo, inapita mikono mingi kabla ya kufika ku chupa ya kadafi. Esanse haina karata ya kura usoni. Ukiiangalia kwa macho haikuambii ilizaliwa wapi, wala nani alimwanga nini ndani yake njiani.

Na hapa njo nafika ku lile ninalotaka kusema. Sisemi alkoli ni mbaya. Mukulima akipata fasi ya kuuza miwa au mihogo yake, ni vizuri. Inchi ikipunguza esanse ya kununua inje kwa dolari, ni vizuri. Watengenezaji wengi wa motere za boti za siku hizi wanakubali alkoli mpaka 10 kwa 100, na wanaandika vile mu kitabu cha motere. Kikipita pale, wanakataa. Kwa hiyo alkoli si adui. Adui ni kunyamaza. Mtu ananiuzia kitu, hasemi ni nini, na mimi ninakipeleka katikati ya ziwa na batoto ndani.

Angalieni Marekani, ambako karibu esanse yote ina alkoli. Walipokubali kuchanganya mpaka 15 kwa 100, mwaka 2010 na 2011, walikubali kwa magari ya miaka ya karibuni tu. Kwa boti walikataza. Na ku pompi inayouza ile ya 15 lazima kuwe na kibandiko kinachosema usiitie mu boti. Kibandiko ni karatasi tu. Bei yake ni ndogo kuliko buji moja. Lakini mtu anasoma, anachagua.

Sisi tunaomba kile kibandiko. Hatuombi zawadi. Stasheni ikiuza esanse yenye alkoli, iandike ku pompi: kuna alkoli, ni kiasi hiki. Kama haina, iandike haina. Wakubwa wanaopima bidhaa ku mpaka wana maabara, wana karatasi, wana mihuri. Kile wanachokiona mu maabara kisibaki mu mafaili, kifike ku pompi. Serikali inapanga bei ya esanse kwa kila zoni ya inchi na kuitangaza kwa watu wote. Kama inaweza kutangaza bei, inaweza kutangaza na kilicho ndani.

Najua mtaniambia: kadafi hawezi kuandika kibandiko ku chupa ya litri moja. Sawa. Na mimi sitaki kumfukuza kadafi. Ni kijana wetu, anatafuta chakula, na kule ambako stasheni haiko, bila yeye hakuna safari. Lakini kadafi naye ananunua kwa mtu, na yule mtu ananunua kwa mwingine. Kama juu imeandikwa, chini mtu anaweza kuuliza. Kama juu hakuna kitu, chini tunabaki kutukanana, kama mimi nilivyofanya.

Mpaka siku ile ifike, tujisaidie wenyewe. Kuna kipimo kinachoweza kufanywa na kila mtu, na kila port ingeweza kuwa nacho. Chukua chupa nyeupe iliyonyooka. Weka alama ku kidole kimoja na ku vidole kumi. Tia maji mpaka alama ya kwanza, halafu esanse mpaka ya pili. Funga, tikisa vizuri, fungua kidogo ipumue, iache itulie kama robo ya saa. Kama maji yamebaki kidole kimoja, hakuna alkoli. Kama maji yamepanda yakafika karibu vidole viwili, alkoli imeingia mule, na ni kama 10 kwa 100. Yakipanda zaidi, hiyo esanse usiipeleke ku ziwa. Fanyeni mbali na moto na sigara, na ile chupa isirudi tena mu nyumba kunywewa maji. Kipimo hiki hakionyeshi kama wamechanganya mafuta ya taa. Kinaonyesha alkoli tu, lakini ile peke yake ni mengi.

Mengine ni desturi za kushika. Nunua esanse ya safari yako, usiweke ya mwezi mzima. Bido iwe nyeupe, ili jua likuonyeshe mstari, na mfuniko wake ukaze. Iache ilale, na asubuhi uiangalie kabla ya kuitikisa, siyo nyuma. Weka filtri inayotenga maji kati ya bido na motere, kile kikombe cha chini kiwe kinaonekana. Badilisha mipira iliyovimba. Motere ikienda kulala siku nyingi, toa mpira wa esanse, uiache izunguke mpaka ijizime yenyewe, ili karibirateri ibaki kavu. Na mafuta ya motere, fuata kipimo cha kitabu. Ku motere nyingi za mipigo miwili ni litri moja kwa litri 50. Kuongeza mafuta mengi hakuponyeshi esanse iliyogawanyika.

Na ikishagawanyika, usijidanganye. Kuitikisa hakusaidii, itarudi kugawanyika. Dawa za chupa ndogo zinazouzwa haziirudishi. Hata ukimwanga ile ya chini na kubaki na ya juu, ile ya juu imepoteza sehemu ya nguvu yake ya kuzuia motere kugonga. Inauma kumwanga kitu ulicholipa. Lakini piga hesabu: bido moja, au motere nzima? Bido moja, au watu kenda?

Sasa nageukia wenye boti, na patro wa mashimo pia, juu hesabu hii ni yenu kuliko yetu. Wengi mnamtuma kijana na makuta kidogo, mnamwambia atafute esanse ya bei ya chini. Akiipata, mnafurahi. Motere ikifa, mnamkata mushahara. Hii si haki. Mwenye kuchagua bei ya chini njo achukue hasara yake. Kijana wa boti awajibike kama amekunywa pombe, kama amejaza watu kupita kipimo, kama ameondoka mu upepo mubaya. Lakini asilipe kile kilichokuwa mu bido mbele ya yeye kuishika. Na mumupe chupa ya kipimo, mumupe filtri, mumuweke na kafi mbili na jile ya kila abiria. Hivi vyote pamoja ni bei ya chini kuliko pistoni na silinda.

Ku mashimo, ni vile vile. Mnajua wenyewe: motopompi ikizimika na watu wako chini, maji hayangojei fundi. Motere zile ndogo nazo zinakubali 10 kwa 100, hazipendi zaidi, na zinalala inje ku mvua na bido wazi. Code Minier ya 2018 inatutaka wachimbaji tuwe mu koperative. Basi koperative isiwe tu ya karatasi na michango. Inunue esanse pamoja, mu fusti moja, ku stasheni moja, na risiti mkononi. Mtu akiwa na risiti, ana fasi ya kurudi na kuuliza. Mtu mwenye chupa ya litri moja hana.

Sitaki kudanganya kwamba kila ajali ya maji inatoka ku esanse. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, karibu na port ya Kituku, Goma, boti ilizama mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangojea jamaa zao, na wengi walikufa. Pale watu walisema juu ya mzigo na abiria kupita kipimo. Lakini boti iliyojaa, ikizimika motere, inageuka ubavu ku mawimbi, haina tena kichwa cha kuyakata. Mambo mabaya yanaitana. Ukiondoa moja, umepunguza yote.

Kuna watakaosema: huyu anatutisha, tulikuwa tunasafiri toka zamani na esanse hii hii. Hapana. Zamani ulikuwa unaona maji chini ya bido, unayaacha. Leo maji yanaweza kukaa ndani ya esanse, na macho hayatoshi. Akili ya baba zetu ilikuwa ya esanse ya baba zetu. Tuishike, lakini tuongeze chupa ya kipimo juu yake.

Ninamalizia na yule kijana. Nilirudi Bukama kumuona. Nilimwambia mbele ya wenzake kama nilikosa, kama kosa halikuwa lake. Hakusema maneno mengi. Alinionyesha chupa nyeupe iliyofungwa na kamba ku ubao wa boti, na alama mbili za mkaa. Akaniambia:

— Yaya, sasa sipandishi mutu mbele sijapima.

Amenunua filtri na makuta yake mwenyewe. Mushahara wa ile miezi miwili, mwenye boti hajarudisha mpaka leo.

Basi, wewe unayepanda boti wiki hii kwenda ku kilio ao ku ndoa, usione haya. Mbele ya kuweka mtoto ndani, uliza: bido hii imepimwa? Kijana akikujibu vizuri, mushukuru. Akikasirika, ngoja boti ingine. Na mwenye boti akikuuliza nani alikutuma kuuliza, mwambie ni kibandiko ambacho bado hakijabandikwa ku pompi.